Rais wa wananchi au "Mfalme Andrew"? Jibu kwa mwalimu wa historia

Mwalimu wa historia katika sekondari moja mkoani Tanga ameniandikia swali ambalo nimeona nilijibu kwa urefu. Anasema vitabu anavyofundishia vinamtaja Andrew Jackson, rais wa 7 wa Marekani aliyekaa madarakani kuanzia 1829 hadi 1837, kuwa ndiye aliyewafungulia watu wa kawaida mlango wa demokrasia. Wanafunzi wake wakitafuta mtandaoni wanakuta kibonzo cha mwaka 1833 kinachomwonyesha Jackson amevaa taji na joho la kifalme, ameikanyaga katiba iliyochanika. Wanakuta pia habari za Wacherokee, mojawapo ya makabila ya wenyeji wa asili wa Marekani, waliofukuzwa katika ardhi yao. "Wananiuliza," anaandika, "inakuwaje mtu achaguliwe kwa kura nyingi hivyo kisha aitwe mfalme? Nguvu zile alipewa na wananchi au alijitwalia?"

Mwalimu, wanafunzi wako wamegusa penyewe. Kwa maoni yangu picha zote mbili ni za kweli, na zinatoka kwenye chanzo kimoja. Jackson hakuleta kura. Kura ndizo zilizomleta yeye. Alichokileta ni dai kwamba kati ya viongozi wote wa Marekani, rais peke yake ndiye mwakilishi wa taifa zima, kwa hiyo anayemkwamisha rais anawakwamisha wananchi. Kwa dai hilo alichukua madaraka ambayo katiba ilikuwa imeyataja kwa maneno machache, akayafanya silaha. Ukiifuatilia silaha hiyo mwaka hadi mwaka, utaona jambo ambalo vitabu vya shule hulipita haraka. Ilipoelekezwa kwa watu wenye kura, ilikutana na upinzani, ikajadiliwa, na mara nyingine ikapunguzwa makali. Ilipoelekezwa kwa wasio na kura, haikupata wa kuizuia.

Tuanze na kura zenyewe, maana hapo ndipo Jackson hupewa sifa isiyo yake. Mwanzoni mwa taifa hilo majimbo mengi yalidai mpiga kura awe na ardhi au mali ya kiasi fulani. Katika majimbo kadhaa wananchi hawakushiriki kabisa kumchagua rais: bunge la jimbo liliteua wajumbe wa uchaguzi, nao wajumbe wakampigia kura rais. Hali hiyo ilibadilika bila Jackson kunyanyua mkono. Indiana, Illinois na Alabama ziliingia kwenye Muungano kati ya 1816 na 1819 zikiwa hazina sharti la mali kwa wanaume weupe. Wakulima walikuwa wamehamia huko kwa wingi, na hakuna mwanasiasa aliyetaka kuwaambia usoni kwamba hawatoshi kupiga kura. Majimbo ya zamani yakafuata kulegeza masharti, Connecticut mwaka 1818, New York mwaka 1821. Kufikia 1824 yalibaki majimbo 6 kati ya 24 ambayo bunge ndilo lililoteua wajumbe. Miaka minne baadaye yalibaki mawili tu, Delaware na South Carolina.

Uchaguzi wa 1824 ndio uliompa Jackson hoja ya maisha yake. Wagombea walikuwa wanne. Jackson, jenerali aliyewashinda Waingereza New Orleans Januari 1815, alipata kura 99 za wajumbe. John Quincy Adams alipata 84, William Crawford 41, na Henry Clay 37. Jackson aliongoza pia kwa kura za wananchi, lakini hakufikisha zaidi ya nusu ya wajumbe, na katiba inasema hali ikiwa hivyo Baraza la Wawakilishi lichague kati ya watatu wa juu, kila jimbo likiwa na kura moja. Clay, aliyekuwa wa nne, alitoka kwenye kinyang'anyiro, lakini yeye ndiye aliyekuwa Spika wa Baraza hilo. Akamuunga mkono Adams. Februari 1825 Adams akapata majimbo 13, Jackson 7, Crawford 4. Siku chache baadaye Adams akamteua Clay kuwa Waziri wa Mambo ya Nje, cheo ambacho marais watatu mfululizo walikuwa wamekipitia kabla ya urais.

Hakuna ushahidi kwamba wawili hao waliuziana cheo. Clay alikuwa na sababu zake za kisera za kumpendelea Adams, na alimwona Jackson kuwa mwanajeshi asiyefaa kushika madaraka ya kiraia. Hata hivyo kuipokea wizara ile lilikuwa kosa kubwa la kisiasa. Wafuasi wa Jackson walipata maneno ya kurudia kwa miaka minne: mapatano ya kifisadi. Wananchi wamesema, wakubwa wamewapora. Hapo siasa za Marekani zikapata sura ambayo wanafunzi wako wataitambua hata katika nchi nyingine na nyakati nyingine: umma mmoja, safi, unaodhulumiwa na kikundi cha watu wachache wenye fedha na vyeo, na mtu mmoja anayesimama kuurudishia haki yake.

Sura hiyo haikujichora yenyewe. Martin Van Buren wa New York alikuwa fundi wa kuunganisha kamati za wilaya, magazeti na wanasiasa wa majimbo kuwa mtandao mmoja, na mtandao huo ndio uliokuja kuwa Chama cha Democrat. Mwaka 1828 Jackson akamshinda Adams kwa kura 178 za wajumbe dhidi ya 83, na kwa takribani asilimia 56 ya kura za wananchi. Waliopiga kura mwaka 1824 walikuwa kama 360,000. Mwaka 1828 walizidi milioni 1.1. Idadi ya waliojitokeza iliruka kutoka kama robo ya wenye haki ya kupiga kura hadi zaidi ya nusu.

Mtu aliyepewa kura hizo hakuwa mlalahoi. Jackson alizaliwa mwaka 1767 mpakani mwa North Carolina na South Carolina, akawa yatima akiwa kijana mdogo wakati wa vita vya uhuru, na hilo ni kweli tupu. Lakini kufikia 1828 alikuwa mwanasheria, jaji wa zamani, seneta wa zamani na mmiliki wa shamba kubwa la pamba karibu na Nashville, lililolimwa na watumwa wapatao mia moja. Wananchi walimwona mwenzao kwa sababu hakusoma chuo chochote, aliongea kama watu wa magharibi, na wakubwa wa Washington walimdharau.

Na "wananchi" hao walikuwa nani? Hili naomba ulikazie darasani. Mikono iliyofungua mlango kwa wanaume weupe maskini ndiyo iliyoufunga kwa wengine. New Jersey iliwahi kuwaruhusu wanawake na watu weusi huru wenye mali kupiga kura, ikawaondoa mwaka 1807. New York, katika katiba ile ile ya 1821 iliyowalegezea weupe masharti, iliendelea kuwadai watu weusi mali ya dola 250. Tennessee mwaka 1834 na North Carolina mwaka 1835 ziliwanyang'anya watu weusi huru kura walizokuwa nazo, na Pennsylvania ikafanya hivyo mwaka 1838. Sensa ya 1830 ilihesabu watu karibu milioni 12.9, na kati yao watumwa walikuwa milioni 2. Rangi ilichukua nafasi ya mali kama kipimo cha uraia kamili. Kwa hiyo Jackson aliposema "wananchi", lilikuwa neno lenye mipaka ya kisheria, na mipaka hiyo ilikuwa ikijengwa upya wakati huo huo.

Sasa tuje kwenye madaraka. Katika ujumbe wake wa kwanza kwa Bunge, Desemba 1829, Jackson alisema kazi za serikali ni nyepesi kiasi kwamba mtu yeyote mwenye akili timamu anaweza kuzifanya, na kwamba mtu akikaa sana ofisini huanza kuiona ofisi kuwa mali yake. Akapendekeza watumishi wazungushwe. Katika kipindi chake cha kwanza aliondoa kama sehemu moja ya kumi ya watumishi wa serikali kuu, idadi ndogo kuliko wapinzani wake walivyopiga kelele, ila waliochukua nafasi walikuwa watu wa chama. Samuel Swartwout, ambaye Jackson alimpa ukusanyaji wa ushuru katika bandari ya New York licha ya Van Buren kumwonya, aliondoka kwenda Ulaya mwaka 1838, na hesabu zikaonyesha zaidi ya dola milioni 1.2 hazipo. Katika ujumbe ule ule wa 1829, na hili husahaulika, aliliomba Bunge lifute wajumbe wa uchaguzi ili wananchi wamchague rais moja kwa moja, na rais awe na muhula mmoja tu. Bunge halikufanya hivyo, naye akagombea tena.

Vita vya Benki ndivyo vinavyoonyesha vizuri zaidi jinsi kura zilivyogeuka kuwa madaraka, kwa hiyo nitakaa hapo kidogo. Benki ya Pili ya Marekani ilianzishwa mwaka 1816 kwa hati ya miaka 20. Makao yake yalikuwa Philadelphia, mtaji wake dola milioni 35, na serikali ilimiliki sehemu moja ya tano tu. Zilizobaki zilikuwa za watu binafsi. Fedha za serikali ziliwekwa humo, na kwa sababu ya ukubwa wake benki iliweza kuzibana au kuziachia benki zote ndogo za nchi. Msimamizi wake, Nicholas Biddle, alikuwa mtu hodari na mwenye majivuno. Watu wa kawaida hawakuwa na njia ya kumwondoa, na hata rais hakuwa na njia ya maana. Benki iliwakopesha wabunge na wahariri. Seneta Daniel Webster, mtetezi wake mkuu, alikuwa pia wakili wake wa kulipwa, na Desemba 1833 alimwandikia Biddle kumkumbusha kwamba ada yake haijafanywa upya kama kawaida. Kwa hiyo chuki ya Jackson dhidi ya Benki ilikuwa na msingi, na mwanafunzi atakayesema yote yalikuwa porojo za jukwaani atakuwa amekosea.

Mwaka 1832 Clay na Webster walimshawishi Biddle aombe hati mpya miaka minne kabla ya muda, wakiamini Jackson hatathubutu kuikataa katika mwaka wa uchaguzi. Bunge likapitisha muswada. Tarehe 10 Julai 1832 Jackson akapiga kura ya turufu, yaani akaukataa muswada huo, na kuandika ujumbe mrefu, uliokusudiwa magazeti na vijiwe kuliko wabunge. Alisema inasikitisha kwamba matajiri na wenye nguvu mara nyingi huzipinda sheria za serikali kwa manufaa yao, na kwamba sheria zinapowaongezea matajiri upendeleo, wakulima, mafundi na vibarua wana haki ya kulalamika. Mahakama ya Juu ilikuwa imeshasema mwaka 1819 kwamba Benki ni halali kikatiba. Jackson akajibu kwamba kila kiongozi anayeapa kuilinda katiba anailinda kama anavyoielewa yeye, si kama wanavyoielewa wengine.

Mwambie mwanafunzi ajumlishe. Marais 6 waliomtangulia walipiga kura ya turufu mara 10 kwa jumla, na desturi ilikuwa kuitumia pale rais alipoona muswada unavunja katiba. Jackson aliipiga mara 12, akaongeza sababu ambayo haikuwa ya kawaida: muswada ni mbaya kwa wananchi, basi. Kuanzia hapo Bunge halikuweza tena kutunga sheria bila kujiuliza kwanza rais anataka nini. Katiba haikubadilishwa hata neno.

Novemba ile alimshinda Clay kwa kura 219 za wajumbe dhidi ya 49, akachukulia ushindi huo kuwa idhini ya kuimaliza Benki kabla hati yake haijaisha. Tatizo lilikuwa kwamba sheria ilimpa Waziri wa Fedha, wala si rais, mamlaka ya kuamuru amana za serikali zisiwekwe tena huko, na waziri alipaswa kulieleza Bunge sababu zake. Waziri wa kwanza hakukubali, akahamishiwa wizara nyingine. Wa pili, William Duane, alikataa na pia akakataa kujiuzulu. Jackson akamfukuza tarehe 23 Septemba 1833 na kumweka Roger Taney, ambaye alitia saini. Fedha zikaanza kupelekwa katika benki za majimbo zilizochaguliwa na serikali, ambazo wapinzani waliziita benki vipenzi.

Hapa ndipo taji la kwenye kibonzo lilipotoka. Machi 1834 Seneti ilimpa Jackson karipio rasmi kwa kura 26 dhidi ya 20, kwamba amejitwalia mamlaka ambayo katiba na sheria havikumpa. Jackson akaandika waraka wa kupinga, na ndani yake akaweka wazi lile dai lake: rais ni mwakilishi wa moja kwa moja wa watu wa Marekani, mawaziri sio, kwa hiyo mawaziri wanawajibika kwake naye anawajibika kwa wananchi. Maseneta wakati huo waliteuliwa na mabunge ya majimbo, jambo lililodumu hadi 1913, na wawakilishi kila mmoja alikuwa na wilaya yake. Hesabu ilimpa Jackson nafasi ya kusema kwamba ni yeye tu aliyechaguliwa na nchi nzima. Webster akamuuliza ni kifungu gani cha katiba kinachomwita rais mwakilishi wa wananchi. Hakipo. Binafsi naona Webster alikuwa sahihi kisheria na Jackson alikuwa sahihi kisiasa, na tangu siku hiyo marais wa Marekani wametawala zaidi kwa hoja ya Jackson.

Lakini angalia waliodhurika waliweza kufanya nini. Biddle alibana mikopo ili wafanyabiashara walie na serikali ilegee. Wapinzani wakaunda chama, wakakiita Whig, jina la Waingereza waliopinga ukuu wa mfalme. Seneti ikamkataa Taney alipoletwa athibitishwe, waziri wa kwanza kukataliwa hivyo katika historia ya nchi. Kibonzo cha taji kikachapishwa bila mtu kufungwa. Wafuasi wa Jackson nao walipigania kulifuta lile karipio kwa miaka karibu mitatu, wakiyatumia mabunge ya majimbo kuwaagiza maseneta namna ya kupiga kura. Seneta John Tyler wa Virginia alijiuzulu mwaka 1836 kuliko kutii agizo hilo. Januari 1837 karani wa Seneti aliuzungushia mistari myeusi ule ukurasa wa 1834 na kuandika kwamba umefutwa kwa amri ya Seneti. Jackson alishinda, ila alilazimika kupigana hadi wiki za mwisho za urais wake.

Mgogoro wa South Carolina nitaupitia haraka. Novemba 1832 jimbo hilo lilitangaza kwamba sheria za ushuru wa forodha za 1828 na 1832 ni batili ndani ya mipaka yake. Jackson, mtetezi wa haki za majimbo siku nyingine zote, alijibu kwa tangazo kali kwamba kujitenga kwa nguvu ya silaha ni uhaini, na Machi 1833 Bunge likampa ruhusa ya kutumia jeshi kukusanya ushuru. Siku hiyo hiyo ulipita pia muswada wa Clay wa kushusha ushuru hatua kwa hatua. South Carolina ikapata njia ya kurudi nyuma bila kudhalilika. Watu wenye kura, maseneta na jeshi la mgambo hupewa njia ya kutokea.

Wacherokee hawakupewa. Walikuwa na katiba yao iliyoandikwa mwaka 1827, maandishi ya lugha yao yaliyobuniwa na Sequoyah, gazeti lililoanza 1828, na kiongozi waliyemchagua, John Ross. Georgia ilitaka ardhi yao, na dhahabu ilipogunduliwa huko tamaa ikazidi. Jimbo likatangaza kwamba kuanzia Juni 1830 sheria za Wacherokee hazitambuliki na kwamba mwenyeji hawezi kutoa ushahidi mahakamani dhidi ya mtu mweupe. Jackson hakuipinga Georgia. Badala yake alisukuma sheria ya kuwahamisha wenyeji ng'ambo ya mto Mississippi, ikapita Seneti kwa kura 28 dhidi ya 19 na Baraza la Wawakilishi kwa 102 dhidi ya 97, naye akaitia saini tarehe 28 Mei 1830.

Tofauti ile ya kura 5 inafaa kutazamwa kwa makini. Katiba ilihesabu kila watumwa 5 kama watu 3 katika kugawa viti vya Baraza, kwa hiyo majimbo ya kusini yalikuwa na viti vya ziada vingi kuliko 5, vilivyotokana na watu ambao hawakuruhusiwa kupiga kura wala kumiliki hata miili yao. Sheria ya kuwafukuza wenyeji ilipita kwa msaada wa viti hivyo. Waliopinga hawakuwa wachache. Seneta Theodore Frelinghuysen wa New Jersey alihutubia kwa siku tatu. David Crockett, mbunge wa Tennessee, jimbo la Jackson mwenyewe, alipiga kura ya hapana. Wanawake, wakihamasishwa na Catharine Beecher, walipeleka maombi ya maandishi bungeni, ingawa hakuna hata mmoja wao aliyekuwa na kura.

Wacherokee walikwenda mahakamani. Machi 1832, katika kesi ya mmisionari Samuel Worcester, aliyefungwa na Georgia, Jaji Mkuu John Marshall aliamua kwamba sheria za Georgia hazina nguvu katika nchi ya Wacherokee. Wanafunzi wako watakuta mtandaoni kwamba Jackson alisema Marshall ametoa uamuzi wake, basi autekeleze mwenyewe. Waambie maneno hayo yalichapishwa miaka mingi baada ya Jackson kufa na hakuna ushahidi kwamba aliyasema. Kilichopo kwa mkono wake ni barua ya Aprili 1832 kwa rafiki yake John Coffee, akisema uamuzi wa mahakama umezaliwa mfu. Georgia haikutii, rais hakufanya lolote kuilazimisha, na Worcester akabaki gerezani hadi gavana alipomsamehe Januari 1833. Miezi hiyo hiyo Jackson alikuwa akiitisha South Carolina kwa jeshi kwa sababu ilikataa sheria ya nchi.

Desemba 1835 kikundi kidogo cha Wacherokee, bila idhini ya serikali yao, kilitia saini mkataba wa kuiacha ardhi kwa dola milioni 5. Ross alipeleka pingamizi lenye saini za maelfu ya Wacherokee. Seneti iliuthibitisha mkataba kwa 31 dhidi ya 15. Seneta mmoja tu angegeuka, theluthi mbili zisingetimia. Jackson aliondoka Machi 1837, na waliotolewa kwa bunduki mwaka 1838 walitolewa chini ya Van Buren, aliyemrithi urais, na majeshi ya Jenerali Winfield Scott. Kati ya watu wapatao 16,000 waliosafirishwa, makadirio yanayotajwa zaidi ni kwamba 4,000 walikufa, katika kambi na njiani, wengi kwa magonjwa na baridi. Wachoctaw walikuwa wametangulia tangu 1831, kisha Wacreek na Wachickasaw. Waseminole wa Florida walipigana kwa miaka saba. Wakati wa Jackson ilisainiwa karibu mikataba 70 ya namna hii, na wenyeji karibu 50,000 walihamishwa. Maombi, gazeti, katiba, ushindi wa Mahakama ya Juu: Wacherokee walitumia kila chombo ambacho Marekani ilikisifu, isipokuwa kura, kwa kuwa hawakuwa nayo.

Ardhi hiyo ilikwenda kwa nani? Katika Alabama na Mississippi ikawa mashamba ya pamba, na watumwa wakapelekwa huko kwa minyororo kutoka majimbo ya mashariki. Wewe uliyeko pwani una njia ya kuwaonyesha wanafunzi kwamba habari hii ilifika kwao. Tarehe 21 Septemba 1833, siku mbili kabla ya Duane kufukuzwa, Edmund Roberts, mjumbe aliyetumwa na Jackson, alitia saini Muscat mkataba wa biashara na Seyyid Said bin Sultan, uliowapa Wamarekani haki ya kuleta bidhaa kwa ushuru wa asilimia 5. Konsuli wa kwanza, Richard Waters wa Salem, aliwasili Zanzibar mwaka 1837. Shuka za merikani ambazo babu na bibi zetu walivaa na kuzitumia kama fedha katika misafara ya bara zilifumwa Massachusetts kwa pamba ya kusini.

Jambo moja zaidi kuhusu wasio na kura. Mwaka 1835 wapinga utumwa wa kaskazini walituma kwa posta vijitabu vyao kusini. Umati wa Charleston ulivichukua katika ofisi ya posta na kuvichoma moto. Jackson, aliyeapa kusimamia sheria, aliliomba Bunge lipige marufuku kusafirisha maandishi hayo kusini. Bunge lilikataa kupitisha sheria hiyo, lakini wakuu wa posta wa majimbo hayo waliendelea kuyazuia, na Washington ikawaacha.

Kwa hiyo, mwalimu, alipewa au alijitwalia? Kura alipewa, kwa wingi na kwa haki kwa kipimo cha sheria za wakati ule. Uchaguzi uliendelea kufanyika kila miaka miwili, wapinzani waliongea, naye akaondoka baada ya mihula miwili. Dikteta ni neno ambalo silitumii kwake. Tafsiri ya kura hizo ndiyo aliyojitwalia: kwamba ushindi wake unamruhusu kumfukuza waziri anayetii sheria, na kuipuuza mahakama inapomlinda mtu asiye mpiga kura. Wapigakura wake wengi waliipenda tafsiri hiyo, hasa kusini na magharibi, kwa sababu ardhi ilikuwa inakuja kwao. Sioni sababu ya kuwaondolea wajibu huo na kumtwika yeye peke yake.

Ukitaka somo la vitendo, wape wanafunzi makundi matatu na maandishi matatu: ujumbe wa turufu wa Julai 1832, waraka wake wa kuipinga Seneti wa Aprili 1834, na hukumu ya kesi ya Worcester. Yote yanapatikana bure mtandaoni. Waambie watafute katika kila moja neno "wananchi" au "watu" limesimama kwa niaba ya nani.

Wakikuuliza kama silaha hiyo iliondoka na mwenyewe, wasimulie habari za Tyler. Mwaka 1840 Whig walijifunza mchezo wa Jackson: wakamsimamisha jenerali, William Henry Harrison, wakamnadi kama mtu wa kibanda cha magogo ingawa alizaliwa katika nyumba ya kitajiri Virginia, na karibu asilimia 80 ya wenye haki ya kupiga kura wakajitokeza. Harrison alifariki tarehe 4 Aprili 1841, mwezi mmoja baada ya kuapishwa. Akarithi makamu wake, John Tyler, yule yule aliyeacha useneta kuliko kumsafisha Jackson. Clay, akiwa na Bunge mkononi, akapitisha muswada wa benki mpya. Tyler akapiga kura ya turufu Agosti, na Septemba akaupiga wa pili. Mawaziri wote isipokuwa Webster wakajiuzulu, na chama kikamfukuza rais wake. Hakuna mwananchi hata mmoja aliyekuwa amempigia Tyler kura ya urais, na turufu yake ilikuwa na uzito ule ule wa Jackson. Mwaka 1842 Clay alipendekeza katiba ibadilishwe ili Bunge liweze kuishinda turufu kwa wingi wa kawaida wa kura. Pendekezo halikupita, na sharti la theluthi mbili lipo hadi leo.